Tairi, Mavazi na Maji kwa Mbio za Changarawe Wakati wa Baridi

Msimu wa baridi ukikaribia, maswali huwa yale yale. Nifunge tairi gani? Nivae nguo ngapi? Maji ya nini mengi hivyo, wakati hata kiu siisikii? Wanaouliza kwa kawaida wameshajiandikisha, wana baiskeli inayofaa na miguu yenye nguvu, ila hawajawahi kushindana barabara ya changarawe ikiwa imeganda. Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja. Pale pa kuanzia mbio panadanganya. Asubuhi ardhi imeganda, ngumu kama saruji, na unajuta kwa nini hukufunga tairi nyembamba. Unatetemeka, unatamani jaketi nzito zaidi. Huna kiu hata kidogo. Saa mbili au tatu baadaye jua limeyeyusha sakitu, barabara ile ile imekuwa tope, mgongo umelowa jasho, na mwili umeanza kukauka bila wewe kujua. Kwa hiyo kila uamuzi hapa chini unafanywa kwa ajili ya saa ya tatu ya mbio, hata kama dakika kumi za kwanza hazitakufurahisha.

Mwongozo huu ni wa nyuzijoto kati ya -5 na 8 za Selsiasi, na mbio za saa tatu hadi saba. Mbio kama Iditarod Trail Invitational ya Alaska, ambako watu husukuma baiskeli za tairi nene kwenye theluji, zinahitaji maandalizi ya aina nyingine kabisa.

Uwe na vitu hivi kwanza

- Tairi mbili zinazoingia kwenye fremu yako na kubakiza nafasi, pamoja na majimaji mapya ya kuziba pancha
- Kipimo cha upepo kinachosoma vizuri shinikizo dogo (kile cha pampu kubwa ya sakafuni hukosea sana chini ya psi 30; psi ni kizio cha shinikizo la upepo)
- Pampu ndogo ya mkono, tyubu mbili, nyuzi za mpira za kuziba tundu, na vishikizo vya kutolea tairi
- Fulana ya ndani ya sufu au poliesta, kizibao cha kukinga upepo, mikono ya kuvalisha na kuvua, suruali ndefu ya baiskeli au vifuniko vya miguu
- Jozi mbili za glavu, skafu nyembamba ya shingoni, kofia nyepesi ya kuvaa chini ya helmeti, miwani yenye kioo cheupe
- Vifuniko vya viatu
- Chupa mbili, moja ikiwezekana iwe ya kuhifadhi joto, au mkoba wa maji wa mgongoni

Huhitaji kununua vyote vipya. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua glavu nzuri. Mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kushika breki, hawezi kufungua chakula, hawezi kuziba pancha. Mambo mengine yote yanapitia vidoleni.

Hatua ya 1: Soma njia na hali ya hewa, wiki moja kabla

Usitazame joto la saa ya kuanza peke yake. Tafuta utabiri wa saa kwa saa, kisha uangalie mvua ya siku tatu zilizopita, maana ndiyo itakayokuambia hali ya udongo. Udongo wa mfinyanzi ukilowa hunata na kujikusanya kwenye magurudumu. Mchanga na kokoto zilizopondwa hupitisha maji na kubaki zikiendesheka. Wanaoshiriki The Mid South pale Stillwater, Oklahoma, mwezi wa Machi, wanaijua vizuri tofauti hiyo: udongo wao mwekundu ukikauka ni barabara ya kasi, ukinyeshewa ni adhabu.

Halafu fikiria upepo unaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo. Ukiendesha kilomita 30 kwa saa kwenye hewa tulivu ya nyuzi 5, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kama vile ni takriban nyuzi 0. Hewa ikiwa nyuzi 0, ngozi inaona kama -6. Kwenye mteremko mrefu, ambako husukumi pedali na kasi inapanda, hali ni mbaya zaidi. Weka alama kwenye ramani kila mteremko mrefu unaokuja baada ya mlima mrefu. Hapo ndipo watu hupata baridi: wanapanda wakitoka jasho, wanashuka wakiwa wamelowa.

Hatua ya 2: Pima nafasi kwenye fremu

Chukua rula. Kati ya tairi na fremu, kila upande na juu, hakikisha panabaki angalau milimita 6, na tope likitarajiwa panafaa zaidi ya hapo. Pima tairi ikiwa imejaa upepo kwenye rimu yako mwenyewe, kwa sababu tairi iliyoandikwa 42 ikifungwa kwenye rimu pana inaweza kufikia milimita 44.

Kosa la kawaida: kuchagua tairi pana kuliko zote zinazoingia, ukidhani upana daima ni usalama. Kwenye kokoto kavu ni kweli. Kwenye mfinyanzi uliolowa, tairi ya 50 iliyobanana na fremu itasimama kabla ya tairi ya 40 yenye nafasi ya kutema tope.

Hatua ya 3: Chagua upana na meno

Barabara ngumu, iliyoganda mchana kutwa au yenye kokoto zilizoshindiliwa: milimita 38 hadi 42, katikati pawe karibu kipara, pembeni pawe na meno madogo ya kushikia kona.

Barabara mchanganyiko, yaani imeganda asubuhi na kulainika mchana, ndiyo utakayoikuta mara nyingi: milimita 40 hadi 45, meno mafupi katikati na marefu kidogo pembeni. Ukibaki njia panda, chagua hii. Utapoteza kasi kidogo asubuhi, lakini mchana utakuwa bado umekaa juu ya baiskeli wenzako wakitembea.

Tope la kweli: meno yaliyoachana, yenye nafasi pana katikati, kwenye tairi isiyozidi 40. Meno yaliyobanana hujaa tope na kugeuka kipara ndani ya mita mia moja.

Barafu tupu: hakuna meno ya mpira yanayoshika barafu. Hapo ni tairi zenye misumari midogo ya chuma kigumu peke yake. Ni nzito na za polepole, kwa hiyo zifunge pale tu unapojua kuna vipande virefu vya barafu, na usome kanuni za mbio kwanza uone kama zinaruhusiwa. Kama misumari ni mipya, endesha taratibu kilomita 40 hivi kwenye lami, bila kufunga breki kwa nguvu, ili ikae vizuri kwenye mpira.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: mpira hukakamaa kwenye baridi. Tairi ngumu iliyotengenezwa idumu muda mrefu, ambayo kiangazi ilikuwa ikishika vizuri, itateleza kwenye jiwe lenye unyevu ikifika nyuzi 2. Kama una nafasi ya kuchagua kati ya mpira laini na mgumu katika muundo ule ule, chukua laini. Angalia ubavu pia. Njia za baridi zina mifereji ya magurudumu ya magari iliyoganda na kuwa na kingo kali kama kisu, nazo hupasua ubavu mwembamba.

Hatua ya 4: Funga tairi mapema, ndani ya nyumba yenye joto

Tumia tairi zisizo na tyubu kama rimu zako zinaruhusu. Siku kumi kabla ya mbio zinatosha. Fanyia kazi ndani, kwa sababu ukingo wa tairi yenye baridi hukakamaa na kukataa kukaa kwenye rimu, nawe utajiumiza vidole bure.

Mwaga majimaji ya zamani, futa, tia mapya: mililita 60 hadi 90 kwa kila tairi ya upana huu. Majimaji ya utomvu wa mpira huwa mazito kwenye baridi na kuziba polepole, na yale yaliyokaa miezi mingi ndani ya tairi yameshakauka na kuwa vipande. Soma kwenye chupa yake kiwango cha chini cha joto kinachoruhusiwa. Kama kimeandikwa juu ya joto la siku ya mbio, tafuta aina nyingine.

Usibadili tairi usiku wa kuamkia mbio. Tairi mpya inahitaji siku kadhaa na safari moja au mbili ili majimaji yasambae na kuziba vinyweleo vyote.

Hatua ya 5: Jaza upepo kwa joto la nje

Kosa hili huwakuta hata wazoefu. Upepo ukipoa hupungua shinikizo. Ukijaza psi 30 sebuleni kwenye nyuzi 20, kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 0, tairi itasoma takriban psi 27. Kwenye tairi ya changarawe psi 3 ni tofauti kati ya kushika vizuri na kugonga rimu kwenye jiwe. Dawa yake ni rahisi: iache baiskeli nje nusu saa, ndipo upime.

Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 42 bila tyubu aanze na psi 28 mbele na 30 nyuma, yaani kama bar 1.9 na 2.1. Ongeza au punguza psi 2 hivi kwa kila kilo 10 za tofauti ya uzito. Ukitumia tyubu, ongeza psi 5 hadi 8, la sivyo utabana tyubu kati ya jiwe na rimu. Tope likiwa kubwa shusha psi 2, na mifereji iliyoganda ikiwa mingi pandisha psi 2. Namba hizi ni pa kuanzia tu; tairi yako itakuambia zingine ukiijaribu.

Hatua ya 6: Vaa kwa ajili ya dakika ya kumi na tano

Kanuni ni hii: ukiwa umesimama unasubiri kuanza, uwe unasikia baridi kiasi. Ukisikia raha pale, umevaa kupita kiasi. Katika mbio zangu za kwanza za baridi nilivaa jaketi nene isiyopitisha maji. Kilomita ya ishirini fulana ya ndani ilikuwa imelowa chapachapa, na kwenye mteremko uliofuata nilitetemeka mpaka usukani ukayumba. Mvua haikunyesha hata tone. Maji yote yalikuwa jasho langu.

Nguo inayogusa ngozi ndiyo muhimu kuliko zote. Isiwe pamba. Pamba hunyonya jasho, hulishikilia na kukukandamiza kwa ubaridi wake. Sufu ya merino hufyonza unyevu mwingi na bado haikai kama kitambaa kilicholowa. Poliesta nyembamba hukauka upesi zaidi. Zote mbili zinafaa. Iwe imebana mwili, kwa sababu fulana inayopwaya haiwezi kuvuta jasho kutoka kwenye ngozi.

Juu yake:

- Nyuzi 5 hadi 8: jezi ya mikono mifupi, mikono ya kuvalisha, kizibao cha upepo. Magoti yafunikwe.
- Nyuzi 0 hadi 5: jezi ya mikono mirefu yenye manyoya laini ndani, kizibao cha upepo, suruali ndefu.
- Chini ya 0: jaketi laini yenye kinga ya upepo kifuani na mgongo unaopitisha hewa, suruali nene, fulana ya ndani ya mikono mirefu.

Kizibao nakisifu kuliko nguo nyingine yoyote ya baridi. Kinakinga kifua, hakichemshi mikono, na kinaingia mfukoni. Fungua zipu mwanzo wa mlima, kabla jasho halijaanza. Funga kileleni, kabla ya kushuka. Mtu anayesubiri mpaka asikie joto ndipo afungue, tayari amechelewa.

Mvua ikitabiriwa, beba koti jembamba la mvua mfukoni. Hata siku ya nyuzi 7 mvua inaweza kukuondoa kwenye mbio haraka kuliko siku kavu ya -3.

Hatua ya 7: Vidole, miguu, kichwa

Glavu mbili: nyembamba za kuvaa, na nene kwenye mfuko wa plastiki mfukoni. Zikilowa za kwanza, unazo kavu. Chini ya nyuzi 0, glavu zinazoweka vidole viwili viwili pamoja hutunza joto kuliko za kidole kimoja kimoja, na bado unaweza kushika breki.

Miguuni, kosa ni lile lile kila mwaka: soksi tatu ndani ya kiatu kile kile cha kiangazi. Kiatu kikibana, damu haipiti, na mguu unakuwa baridi kuliko ambavyo ungekuwa na soksi moja. Vaa soksi moja ya sufu, hakikisha vidole vinachezacheza ndani, kisha kifuniko cha kiatu juu. Ubaridi mwingi huingilia chini, pale chuma cha kunasia pedali kilipofungwa kwenye soli. Toa kitambaa cha ndani ya kiatu, ziba matundu yale kwa utepe wa kubandika, rudisha.

Kichwani, kofia nyembamba inayofunika masikio inatosha. Helmeti ikae sawa juu yake. Legeza mikanda ukiwa nyumbani. Skafu ya shingoni ivutwe puani kwenye miteremko.

Hatua ya 8: Panga maji kama unavyopanga chakula

Kwenye baridi mwili hukunyima kiu. Mishipa ya ngozi hujikunja ili kutunza joto, damu nyingi hubaki katikati ya mwili, ubongo unaona maji yapo ya kutosha, na figo zinaanza kuyatoa. Ndiyo maana unakojoa mara kwa mara kabla ya mbio. Wakati huohuo kila pumzi inatoa mvuke. Unakauka pande mbili bila dalili.

Kunywa mililita 400 hadi 600 kwa saa, kwa mafunda madogo. Weka kengele ya kila dakika 15 kwenye saa au kompyuta ya baiskeli na uifuate hata kama hutaki. Ili kujua kiasi chako hasa, jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu la baridi. Ukipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito, ongeza. Ukiongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, punguza. Maji mengi mno huzimua chumvi ya damu, nayo ni hatari ya kweli.

Kuhusu kuganda:

- Jaza maji ya moto kiasi cha chai inayonyweka, si yanayochemka.
- Usitegemee sukari. Kinywaji cha kawaida cha mbio hushusha kiwango cha kuganda kwa nusu digrii hadi digrii moja hivi tu.
- Barafu huanzia juu. Chupa unayoiweka kwenye begi ipindue, mdomo uwe chini, ili barafu ianzie kwenye kitako.
- Ukitumia mkoba wa mgongoni, uvae chini ya jaketi, na baada ya kila funda puliza hewa urudishe maji yaliyomo kwenye mrija. Mrija ndio huganda kwanza.

Funika mdomo wa chupa. Tope la barabara za mashambani huwa na kinyesi cha mifugo, na linalorukia chupa linaishia tumboni mwako.

Chakula nakitaja kwa kifupi: gramu 60 za wanga kwa saa ni lengo zuri la kuanzia. Vipande vigumu hugeuka jiwe kwenye baridi, kwa hiyo viweke mfuko ulio karibu na mwili, na uvifungue karatasi zake kabla ya mbio.

Hatua ya 9: Jaribu vyote pamoja

Siku saba hadi kumi kabla, endesha saa mbili na nusu ukiwa na kila kitu cha siku ya mbio, asubuhi yenye baridi inayofanana. Simama katikati, vua glavu, toa tairi ya nyuma, weka tyubu, jaza kwa pampu ya mkono. Kama vidole vimeshindwa kwenye mazoezi, kwenye mbio havitaweza.

Mitungi midogo ya gesi ya kaboni dioksidi ya kujazia tairi ni ya haraka, lakini kwenye baridi nailaumu mara nyingi. Inapotoa gesi, chuma chake huganda kiasi cha kuunguza ngozi, gesi baridi inaweza kugandisha majimaji ya kuziba, na gesi hiyo huvuja kwenye tyubu upesi kuliko hewa ya kawaida. Ukibeba mitungi, beba na pampu.

Mambo yakiharibika njiani

*Tundu halizibi.* Zungusha gurudumu tundu liwe chini, subiri nusu dakika majimaji yakusanyike. Bado? Chomeka uzi wa mpira. Ukilazimika kuweka tyubu, papasa kwanza ndani ya tairi yote: miiba iliyozibwa miezi iliyopita bado imo, na itatoboa tyubu mara moja.

*Valvu haipitishi upepo.* Maji yameganda ndani au utomvu umekauka. Ishike kiganjani uipashe moto. Beba kiini kimoja cha valvu cha akiba.

*Tope limejaa kwenye fremu.* Acha kusukuma pedali mapema. Ukilazimisha, kibadilisha gia cha nyuma kitavutwa kwenye spoki na kuvunjika, na mbio zako zimekwisha. Shuka, beba baiskeli begani, tembea pembeni penye nyasi kama kanuni zinaruhusu. Kwenye mbio za Unbound Gravel za mwaka 2023, huko Kansas, tope liliwakamata watu mapema baada ya kuanza, na kijiti bapa cha kukorogea rangi kilikuwa na thamani kuliko gurudumu la kaboni. Kiweke kimoja mfukoni.

*Kiatu hakinasi kwenye pedali.* Barafu au tope limejaa. Gongesha kiatu kwenye pedali, kwangua kwa kijiti kile kile. Kupaka silikoni kidogo kabla ya mbio husaidia.

*Mdomo wa chupa umeganda.* Fungua kifuniko chote unywe moja kwa moja, kisha geuza chupa.

*Vidole vimekufa ganzi.* Simama, zungusha mikono kama pangaboi ili damu ishuke, iweke kwapani, vaa glavu kavu. Usisugue. Ngozi ikigeuka nyeupe au kama nta na haisikii kitu, hilo si la kuvumilia: tafuta joto na msaada.

*Mwenzako anatetemeka bila kukoma, anaongea kwa kukokota, hawezi kufunga zipu.* Mbio zake zimekwisha, na zako zisimame kidogo. Mkinge upepo, mvue kilicholowa, mvike kikavu, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza vizuri, piga simu kwa waandaaji. Usimwache peke yake. Kama kutetemeka kumekoma huku akiwa amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya zaidi, haijapona.

*Umefika mwisho.* Watu wengi hupata baridi dakika kumi baada ya kumaliza, wakiwa wamesimama na jasho lao. Acha mfuko wenye fulana kavu, soksi, sweta na chupa ya chai moto karibu na mstari wa kumalizia, na ubadilishe ya ndani kwanza, kabla ya picha.